Stabilaiza nene: Inayofaa barabara kuu huenda ikawa hatari Kyuso

KILA msimu wa Krismasi unapokaribia, barabara kuu inayotoka Thika kupitia Matuu hadi Mwingi hujaa magari ya wenyeji wa Ukambani wanaorejea nyumbani kutoka Nairobi. Miongoni mwa magari hayo hazikosi Subaru Impreza na Forester za vijana waliozifanyia mabadiliko ili ziende kasi na kukata kona kwa wepesi: tairi pana, springi fupi na, chini kabisa mahali pasipoonekana na mpita njia, chuma kinene kilichopakwa rangi nyekundu au buluu.

Chuma hicho ndicho mafundi wa Kenya hukiita stabilaiza. Kazi yake ni kulizuia gari lisilale upande linapopinda kona. Gari linapotoka kiwandani huwa tayari lina stabilaiza, aghalabu moja mbele na, kwa magari mengi, nyingine nyuma. Anayetaka gari lake likate kona bila kuyumba huiondoa ile ya kiwandani na kuweka iliyo nene zaidi.

Mjini Mwingi, wanaoelekea Kyuso huiacha barabara ya Garissa na kushika njia ya kaskazini. Kadiri safari inavyoingia ndani kuelekea vijiji vya Ngomeni na Tseikuru, ndivyo dereva anavyokutana na changarawe, vumbi, mchanga wa mito ya msimu na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Gari ambalo saa chache awali lilikuwa limetulia tuli katika kona za lami huanza kuruka, kugonga na kutupa mkia.

Madereva wengi huilaumu barabara. Hata hivyo, sehemu ya lawama hiyo huwa ni ya chuma kile kilichonunuliwa kwa pesa nyingi kwa nia njema ya kuliboresha gari. Kabla ya mtu kufungua bolti za stabilaiza ya kiwandani, yafaa aelewe kifaa hicho hufanya nini hasa, na zaidi ya yote, kisichoweza kufanya.

CHUMA KINACHOJISOKOTA

Stabilaiza ni ufito wa chuma cha springi uliopindwa mfano wa herufi U. Sehemu yake ya katikati hupita kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, nayo hushikiliwa kwenye fremu kwa mabano mawili yenye bushi za mpira ndani yake. Ncha zake mbili huunganishwa na magurudumu ya kushoto na kulia kupitia viungo vifupi ambavyo mafundi huviita linki.

Wazo hili si geni. Hataza ya kwanza ya kifaa cha aina hii ilitolewa mnamo 1919 kwa Stephen Coleman, mvumbuzi wa Fredericton nchini Canada. Tangu wakati huo umbo lake limebadilika kidogo sana.

Gari linapopita juu ya tuta na magurudumu yote mawili ya mbele kuinuka kwa pamoja, stabilaiza huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kufanya kazi yoyote. Lakini gari linapopinda kona kwa kasi, bodi hulalia upande wa nje. Gurudumu la nje husukumwa juu kuelekea bodini, nalo la ndani hushuka. Hapo ncha moja ya stabilaiza huinuliwa na nyingine kuteremshwa, na chuma hujisokota. Kwa kuwa ni chuma cha springi, hukataa kusokotwa, na ukaidi huo ndio unaolizuia gari kulala zaidi.

Ugumu wa kukisokota chuma hutegemea sana unene wake, tena kwa namna inayowashangaza wengi. Hauongezeki kwa kiasi kile kile cha unene, bali kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Stabilaiza ya milimita 22 imeizidi ile ya milimita 20 kwa unene wa asilimia 10 tu, lakini ugumu wake umeizidi kwa takriban asilimia 46. Anayetoka milimita 19 hadi 22 huongeza ugumu kwa karibu asilimia 80. Naye anayeruka kutoka milimita 20 hadi 24 hupata stabilaiza yenye ugumu wa zaidi ya mara mbili ya ile aliyoiondoa.

Hii ndiyo sababu tofauti inayoonekana ndogo dukani hugeuka kuwa kubwa barabarani. Mnunuzi anayeshika vyuma viwili mkononi mbele ya duka la vipuri katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, huenda asitambue kwa macho ni upi mnene, ilhali gari litautambua katika kona ya kwanza.

Sheria hiyo hiyo hueleza kwa nini baadhi ya stabilaiza za kisasa huwa na uwazi ndani kama bomba. Sehemu ya katikati ya chuma huchangia kidogo sana katika kukataa kusokotwa. Ufito ukitobolewa tundu lenye nusu ya kipenyo chake, huwa umepoteza robo ya uzito wake, lakini ugumu wake hupungua kwa takriban asilimia sita pekee. Kwa hivyo mtu asidhani ameuziwa kitu hafifu kwa sababu tu chuma chake kina tundu.

MZIGO HAUPUNGUI, HUGAWANYWA

Kosa kubwa la wengi ni kuamini kwamba stabilaiza nene huongeza mshiko wa tairi barabarani. Haiongezi hata kidogo. Tairi ndizo zinazoshika barabara. Stabilaiza huamua tu jinsi uzito wa gari utakavyogawanywa kati ya tairi hizo wakati wa kupinda kona.

Chukua mfano wa gari la kilo 1,400 ambalo kitovu chake cha uzito kiko nusu mita kutoka ardhini, na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita moja na nusu. Likipinda kona kwa nguvu inayolingana na asilimia 60 ya uzito wake, takriban kilo 280 huhama kutoka magurudumu ya ndani ya kona hadi yale ya nje. Hesabu hiyo hutokana na uzito wa gari, urefu wa kitovu chake, upana wake na ukali wa kona. Unene wa stabilaiza haumo. Mtu akiweka chuma kinene kama mguu wa meza, kilo hizo bado zitahama, ila gari halitaonekana likilala.

Kinachobadilika ni mgao wa kilo hizo kati ya mbele na nyuma. Ni kama watu wawili wanaobeba gunia lililoning'inizwa kwenye mti mabegani mwao. Gunia likisogezwa karibu na wa nyuma, wa mbele hupata nafuu na wa nyuma hulemewa, lakini gunia ni lile lile. Stabilaiza ya nyuma ikifanywa nene, sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama hubebwa na tairi ya nyuma ya upande wa nje, na magurudumu ya mbele hupata nafuu.

Kwa nini nafuu hiyo iwe na maana? Ni kwa sababu tairi ina tabia moja isiyobadilika: ikiongezewa mzigo, mshiko wake huongezeka, lakini si kwa kiasi sawa na mzigo ulioongezwa. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kwamba tairi mbili zilizobeba kilo 300 kila moja zinatoa mshiko wa 300 kila moja, jumla 600. Uzito ukihama hadi moja ibebe kilo 400 na nyingine 200, ile iliyolemewa huenda ikatoa 370 na iliyopunguziwa ikatoa 210. Jumla ni 580. Tairi mbili zinazogawana mzigo kwa usawa hushika vizuri kuliko mbili ambazo moja imelemewa na nyingine inaelea.

Basi upande wowote wa gari, mbele au nyuma, unaowekewa stabilaiza nene hupoteza kiasi fulani cha mshiko katika kona, na upande ule mwingine hufaidika. Anayebadilisha stabilaiza hununua mizani mpya kati ya mbele na nyuma ya gari lake.

KWA NINI SUBARU HUPENDWA KUFANYIWA HIVYO

Magari ya Subaru Impreza hubeba injini yake mbele ya ekseli ya mbele. Uzito huo wa puani hulifanya gari liwe na mwelekeo wa kukataa kugeuka linapoingizwa konani kwa kasi: dereva hukata usukani, lakini pua huendelea kusukumwa nje ya kona. Watengenezaji wengi wa magari huipendelea tabia hiyo kwa kuwa ni salama kwa dereva wa kawaida. Akiona gari halipindi, kwa silika huondoa mguu kwenye mafuta, gari hupunguza mwendo na pua hurejea njiani.

Anayependa mwendo wa kasi huiona tabia hiyo kuwa uzito wa gari kusikia. Dawa ya kawaida ni kuongeza unene wa stabilaiza ya nyuma. Mshiko wa nyuma hupungua kidogo, wa mbele hupata nafuu, na gari huanza kufuata usukani kwa utiifu zaidi. Katika lami kavu na laini, kama ile ya barabara ya Thika yenye njia nyingi, mabadiliko haya huweza kumfurahisha dereva. Gari halilali, usukani hujibu upesi, na kona iliyokuwa ikitisha huonekana nyepesi.

Ila raha hiyo ina bei yake. Kila kiasi kinachoondolewa kwenye mshiko wa nyuma huisogeza siku ambayo mkia utateleza kabla ya pua. Gari ambalo mkia wake umeteleza haliokolewi kwa kuondoa mguu kwenye mafuta. Kitendo hicho huhamishia uzito mbele na kuuacha mkia mwepesi zaidi. Huhitaji dereva aliyejifunza kuurudisha usukani kwa haraka na kwa kipimo. Wengi hawajajifunza, na kingo za barabara si mahali pa kufanyia mazoezi hayo.

KYUSO SI BARABARA YA THIKA

Mambo yote yaliyoelezwa hadi hapa yamechukulia kwamba barabara ni tambarare. Kyuso, eneo kame la kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, ina njia nyingi zisizokubaliana na dhana hiyo.

Katika barabara ya changarawe, gurudumu la kushoto halikutani na kitu kile kile kinachokutana na la kulia. Moja huingia shimoni, jingine likapanda jiwe. Stabilaiza huyafunga magurudumu hayo mawili pamoja. La kushoto likiinuka ghafla, chuma hujisokota na kulivuta la kulia liinuke pia, hata kama chini yake pana shimo linalolihitaji lishuke. Kadiri chuma kilivyo kinene ndivyo magurudumu yanavyozidi kunyimwa uhuru wa kila moja kufuata ardhi iliyo chini yake. Tairi isiyogusa ardhi haina mshiko wowote, na gari linaloruka kutoka jiwe hadi jiwe huwa linaendeshwa na tairi mbili au tatu badala ya nne.

Hali huwa mbaya zaidi katika vivuko vya mito ya msimu, ambako gurudumu moja hushuka mchangani huku la upande wa pili likiwa bado ukingoni. Gari lenye stabilaiza ngumu huweza kuliinua gurudumu moja hewani. Ikiwa gia ya ekseli ni ya kawaida, isiyo na kifaa cha kuifunga, nguvu za injini hukimbilia gurudumu lililo hewani, likazunguka bure huku lile lenye mchanga chini yake likisimama. Dereva huona gari limekwama na kudhani mchanga ni mwingi, kumbe gurudumu moja halikuwa likiugusa.

Watengenezaji wa magari ya porini wanalijua jambo hili vyema. Jeep Wrangler ya aina ya Rubicon ina kitufe kinachoitenganisha stabilaiza ya mbele ili magurudumu yawe huru kwenye miamba. Toyota nayo imeziwekea baadhi ya Land Cruiser mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaoilegeza stabilaiza katika njia mbovu na kuikaza tena katika lami. Makampuni hayo yasingeingia gharama hiyo ikiwa stabilaiza ngumu ingefaa kila mahali.

Wapenzi wa Subaru hupenda kukumbusha kwamba Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally mnamo 1997 akiendesha Impreza, naye Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000 kwa gari la aina iyo hiyo. Ni kweli, lakini ushindi huo unafunza kinyume cha yale yanayofanywa na wengi wanaoutaja. Magari ya Safari yaliinuliwa, wala hayakushushwa. Yalipewa springi na shokabsoba zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka ili kila gurudumu lifuate mashimo na mawe. Kwa jumla, timu za mbio za magari hutumia stabilaiza ngumu katika mashindano ya lami, na laini zaidi katika yale ya changarawe. Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mnamo 2021 baada ya kutokuwemo tangu 2002, mchanga laini wa Naivasha uliwakumbusha madereva wa Ulaya kwamba Afrika Mashariki bado ina ardhi inayodai gari la namna yake.

Kuna pia suala la mvua. Eneo la Kyuso hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati ule ule ambao magari ya kutoka mijini huwa mengi. Changarawe iliyolowa na udongo uliogeuka tope hupunguza mshiko wa tairi zote. Gari lililorekebishwa ili mkia wake uwe mwepesi katika lami kavu litakuwa na mkia mwepesi mno hapo. Kona ambayo Agosti ilipitwa kwa kilomita 60 kwa saa huenda Novemba isikubali hata 40.

PROBOX NA MZIGO WA JUU

Si Subaru pekee zinazohusika. Katika barabara nyingi za Kitui na Makueni, usafiri wa kila siku hutegemea Toyota Probox, ambazo hubeba abiria, magunia na mitungi ya maji, na mara nyingine mizigo hufungwa juu ya paa. Baadhi ya wenye magari hayo hushawishika kwamba stabilaiza nene itawaruhusu kubeba zaidi bila gari kulala.

Hesabu iliyotolewa awali inaonyesha hatari ya wazo hilo. Mzigo wa paani huinua kitovu cha uzito. Kitovu kikipanda kutoka nusu mita hadi robo tatu ya mita, kilo zinazohama katika kona ile ile hupanda kutoka 280 hadi 420, hata kabla ya kuongeza uzito wa mzigo wenyewe. Stabilaiza nene haitapunguza hata kilo moja. Itakachofanya ni kuliondoa onyo. Gari linalolala sana humwambia dereva apunguze mwendo. Gari lililokakamaa humnyamazia mpaka gurudumu la ndani linyanyuke. Kwa gari lililojaa abiria, ukimya huo ni hatari kubwa.

Dawa ya gari linalolala kwa sababu ya mzigo ni kuupunguza mzigo, kuushusha kutoka paani na kupunguza mwendo.

Hii haina maana kwamba stabilaiza ni kifaa cha anasa. Mnamo Oktoba 1997, gari dogo jipya la Mercedes-Benz A-Class lilipinduka nchini Uswidi wakati wa jaribio la jarida la magari lililoiga dereva anayemkwepa ghafla mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Kampuni hiyo ililazimika kuyaita magari hayo, kuyafanyia marekebisho na kuyawekea mfumo wa kielektroniki wa kuyadhibiti. Kyuso haina kulungu wa nchi za baridi, lakini ina mbuzi, ng'ombe na punda wa kubeba maji wanaoweza kuvuka barabara bila taarifa. Dereva anayekata usukani kushoto na kuurudisha kulia kwa ghafla huihitaji stabilaiza nzima kuliko mtu yeyote. Linki ikikatika upande mmoja tu, stabilaiza yote huwa haina kazi, kwa sababu chuma kisichoshikwa ncha zote mbili hakiwezi kusokotwa. Wanaokatikiwa na linki wakaamua kuiondoa na kuendelea na safari kwa miezi huwa wanaendesha gari tofauti kabisa na lile lililoundwa kiwandani.

ANZA NA VILIVYOCHAKAA

Magari mengi ya Kenya huingizwa nchini kutoka Japani yakiwa yameshatumika, kwa mujibu wa kanuni inayoruhusu umri usiozidi miaka minane. Baada ya hapo hutumika miaka mingi katika barabara zenye vumbi na mashimo. Mpira wa bushi hukauka na kupasuka, na viungo vya linki hulegea. Katika hali hiyo, stabilaiza ya kiwandani huanza kufanya kazi ikiwa imechelewa, kwani sehemu ya msogeo hupotelea kwenye nafasi zilizolegea. Mwenye gari huhisi gari linayumba na kukimbilia kununua chuma kinene, ilhali tatizo lake lingetatuliwa na bushi mbili na linki mbili mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili ni rahisi kuzitambua. Mlio wa ko-ko-ko unaotoka chini ya gari linapopita polepole kwenye mashimo madogo mara nyingi hutoka kwenye linki. Fundi akiliinua gari kwa jeki, akaweka vigingi imara vya kulishikilia, anaweza kuishika linki kwa mkono na kuitikisa, ikicheza, imekwisha. Mpira wa bushi ukiwa na nyufa, au ukiacha uwazi kati yake na chuma, nao umekwisha.

Utaratibu unaofaa, basi, ni huu. Kwanza, mwenye gari akague tairi na shinikizo la upepo kwa kufuata kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva. Pili, abadilishe bushi, linki na shokabsoba zilizochoka. Tatu, aliendeshe gari na kuchunguza kama bado lina tatizo, na kama lipo, ni pua inayokataa kugeuka au ni mkia unaoteleza. Ni baada ya hapo tu ndipo suala la stabilaiza nene linapofaa kuzungumzwa.

Ikiwa pua ndiyo inayokataa na gari hutumika zaidi katika lami, stabilaiza ya nyuma iliyozidi ya kiwandani kwa milimita moja au mbili hutosha. Zipo zenye matundu mawili au matatu kwenye ncha. Linki ikifungwa kwenye tundu lililo karibu na katikati ya gari, mkono huwa mfupi na chuma huwa kigumu; ikifungwa kwenye tundu la mwisho, huwa laini. Anayeishi Nairobi na kuzuru Kyuso mara chache kwa mwaka atafaidika na aina hii kuliko ile isiyorekebishika, kwani anaweza kuilegeza kabla ya safari. Anayeishi Kyuso na kuendesha katika changarawe kila siku atafanya vyema kubaki na ya kiwandani ikiwa nzima.

Kuna mambo ya kuzingatia wakati wa kuifunga. Stabilaiza nene husukuma mabano kwa nguvu zaidi, na mabano mepesi ya kiwandani huweza kupinda au kupasuka. Palipo na mabano yaliyoimarishwa, yanunuliwe pamoja nayo. Bushi za plastiki ngumu ya poliyurethani hudumu kuliko za mpira, lakini hulia zikikosa grisi na zikiingiwa na vumbi. Zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inayotokana na petroli huuharibu mpira wa asili. Linki zifungwe magurudumu yote mawili yakiwa katika kimo kimoja, ili chuma kisianze kazi kikiwa kimeshasokotwa. Baada ya kilomita mia chache, bolti zote zikazwe upya, hasa kwa gari lililopita kwenye njia zenye mawimbi kama bati.

Jaribio la kwanza lifanywe katika uwanja mtupu au barabara isiyo na watu, kwa mwendo wa chini unaoongezwa polepole, kukiwa kukavu na tena kukiwa na mvua. Haifai dereva agundue tabia mpya ya gari lake katika kona iliyo na familia nzima ndani. Vilevile ni busara kuiarifu kampuni ya bima, kwani mkataba huweza kumtaka mwenye gari aeleze mabadiliko aliyoyafanya.

Kwa anayepanga kwenda Kyuso msimu ujao, swali la kumuuliza fundi si milimita ngapi zinaweza kuingia chini ya gari. Amwombe kwanza alale chini, azitikise linki, azikague bushi, kisha amweleze gari litapita katika njia gani na likiwa limebeba nini. Fundi anayejua kazi yake ataanza na maswali hayo kabla ya kutaja bei ya chuma chochote.